Sura ya Saba: Mzazi Asisubiri Ripoti ya Muhula

Shule za msingi za Tanzania zinapofungwa mwezi Juni, mzazi wa mtoto wa darasa la pili huletewa karatasi moja. Juu pana jina la mtoto, chini yake masomo, alama na daraja, kisha nafasi: wa 41 kati ya 96. Mwalimu wa darasa ameandika "Aongeze bidii", mwalimu mkuu ametia saini na kugonga muhuri. Mzazi anasoma, anafurahi au anahuzunika, anamwita mtoto na kumhoji, na mambo yanaishia hapo. Kazi ya miezi mitano imekwisha, na karatasi ile haisemi mtoto alikwama wapi, alikwama lini, wala nani angeweza kumkwamua.

Sura hii inahusu majuma yaliyo kati ya Januari na Juni, na kati ya Julai na Desemba, ambayo mzazi huyapitia gizani. Msimamo wangu ni huu: kumpasha mzazi habari za darasa kila wiki ni sehemu ya kufundisha, sawasawa na kuandaa somo na kusahihisha madaftari. Mwalimu anayefanya hivyo hamfanyii mzazi hisani. Anamwongezea mtoto mwalimu wa pili, anayekaa naye jioni na siku za mapumziko.

Mzazi hudhani anajua

Waulize wazazi kumi kama watoto wao wanajua kusoma. Wengi watakujibu ndiyo. Mtoto amevaa sare, anatoka alfajiri, anarudi na daftari lililojaa maandishi. Kwa nini wasiamini?

Mchumi Rebecca Dizon-Ross alilichunguza jambo hili nchini Malawi, na mwaka 2019 akachapisha matokeo. Wazazi wa wanafunzi wa shule za msingi waliulizwa wakadirie watoto wao wanapata alama gani. Makadirio ya wengi yalikuwa mbali na ukweli, na wazazi wenye elimu ndogo ndio waliokosea zaidi. Walipoelezwa alama halisi kwa maneno mepesi, hawakukaa kimya. Walibadili uamuzi wao: mtoto aliye nyuma akachaguliwa kitabu cha mazoezi cha ngazi yake, aliye mbele akachaguliwa kigumu zaidi. Watu wale wale, wenye mifuko ile ile, walitenda tofauti kwa sababu wamejua.

Kwetu, tathmini za mpango wa Uwezo zilizoanza mwaka 2010 zilifanya jambo linalofanana na hilo. Wahojaji walikwenda nyumba kwa nyumba na kumpa mtoto majaribio mafupi ya kusoma na kuhesabu ya kiwango cha darasa la pili, mzazi akiwapo. Watoto wengi wa darasa la tatu walishindwa kusoma hadithi ya darasa la pili. Kwa mzazi aliyeketi pale kwenye mkeka, takwimu za taifa hazikuwa na uzito kama kumsikia mwanawe akikwama kwenye mstari wa kwanza.

Watu husema wazazi wa siku hizi hawajali, hasa tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipofika hadi kidato cha nne na michango ya lazima ikapigwa marufuku. Wanasema mzazi ameiachia serikali kila kitu. Wako walioachia, sikatai. Lakini mzazi anayeitwa shuleni kwa mambo mawili tu, mchango au kosa la mtoto, atajifunza kuikwepa shule. Kabla ya kumhukumu kwamba hajali, tujiulize ni lini mara ya mwisho tulimwambia kitu anachoweza kukifanyia kazi.

Kwa nini kila wiki

Tuchukue hesabu moja. Ni Jumatano, darasa la pili, mwalimu ameandika ubaoni 52 – 27. Mtoto anaandika jibu: 35. Ukimwangalia haraka utasema hajui hesabu. Ukikaa naye utaona ana utaratibu wake. Kwenye mamoja ameona 2 juu na 7 chini. Kwa kuwa 2 haitoshi kutolewa 7, amegeuza: 7 kutoa 2 ni 5. Kwenye makumi, 5 kutoa 2 ni 3. Anajua kutoa. Asichokijua ni kwamba kumi moja linaweza kuvunjwa na kuwa mamoja kumi.

Kosa hilo, siku hiyo, linatibika kwa nusu saa. Unafunga vijiti kumi kumi: mafungu matano na vijiti viwili pembeni. Unamwambia mtoto akupe vijiti ishirini na saba. Atatoa mafungu mawili, kisha atahitaji vijiti saba na anavyo viwili tu. Hapo atalazimika kufungua fungu moja kwa mkono wake. Akimaliza, mbele yake patabaki mafungu mawili na vijiti vitano, na 25 itakuwa jibu aliloliona kwa macho. Kazi hiyo haihitaji chuo cha ualimu. Kaka wa darasa la sita anaiweza. Mama muuza vitumbua, anayehesabu chenji siku nzima, anaiweza vizuri zaidi.

Lakini kaka na mama hawana habari. Kosa linavuka wiki, linavuka mwezi, linaingia kwenye namba za tarakimu tatu, na Juni linatokea kwenye ripoti likiwa limegeuka "Hisabati: 34, aongeze bidii". Mtoto ataongeza bidii ya kukosea vile vile.

Wiki ndiyo kipimo kinachofaa. Habari ya kila siku humchosha mwalimu na mzazi. Ya kila mwezi hukuta somo limeshapita. Mwalimu hupanga azimio la kazi kwa wiki, na nyumbani Jumamosi na Jumapili ndipo watu hupata nafasi ya kukaa na mtoto. Habari inayofika Ijumaa hukuta siku mbili za kuitumia.

Wala haihitaji kuwa ndefu. Nchini Marekani, watafiti Matthew Kraft na Todd Rogers waliwafuatilia wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakirudia masomo wakati wa likizo ya kiangazi. Wazazi wa baadhi yao waliletewa ujumbe wa sentensi moja kila wiki kutoka kwa mwalimu. Idadi ya walioshindwa kufaulu masomo hayo ilipungua kwa asilimia 41, kutoka 15.8 hadi 9.3 katika kila mia. Dalili zilionyesha kwamba ujumbe uliosema nini kirekebishwe ulisaidia kuliko uliosifu tu. Wale walikuwa vijana wakubwa, katika nchi yenye mambo mengi tofauti na yetu, lakini somo linatuhusu: sentensi moja inayogusa kazi yenyewe huzaa matunda.

Sentensi nne za Ijumaa

Huu hapa mfano wa habari ya wiki kwa darasa la mtoto wetu wa 52 – 27:

"Wazazi na walezi wetu, habari za jioni. Wiki hii tumejifunza kutoa namba za tarakimu mbili, mfano 52 – 27. Mwombe mtoto akuonyeshe kwa vijiti au maharage jinsi ya kuvunja kumi moja kuwa mamoja. Jumanne tutasoma hadithi kwa sauti, kila mtoto aje na daftari la Kiswahili. Tunawashukuru kwa kuwawahisha watoto: Alhamisi hakuna aliyechelewa kengele ya asubuhi. Mwalimu wa darasa, II B."

Ukiondoa salamu, ni sentensi nne, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza inasema kilichofundishwa, kwa mfano unaoonekana. Mwalimu akiandika maneno ya muhtasari, umahiri mkuu na umahiri mahususi, anamwandikia mdhibiti ubora wa shule. Mzazi anataka 52 – 27.

Ya pili inampa mzazi jambo la kufanya: la bure, la muda mfupi, lisilohitaji awe amesoma. Angalia pia kwamba mtoto ndiye anayeonyesha. Mzazi hatakiwi kufundisha upya. Anatakiwa kuomba aonyeshwe na kutazama. Mtoto akishindwa kuonyesha, mzazi amejua, na Jumatatu mwalimu atajua.

Ya tatu inatangulia mbele, ili mzazi asishtukizwe Jumanne asubuhi mtoto akiwa mlangoni analilia daftari.

Ya nne inasema jambo jema lililotokea kweli. Sifa ya uongo mzazi huinusa. Jema dogo la kweli humjengea imani, na imani hiyo ndiyo itakayombeba siku mwalimu atakapokuwa na habari ngumu.

Neno mchango halimo. Fedha za uji, za mlinzi au za mtihani wa majaribio zina njia zake: kamati ya shule, mkutano wa wazazi, ubao wa matangazo wenye mapato na matumizi. Ukizichanganya na habari ya wiki, kufikia Ijumaa ya tatu wazazi watakuwa wameacha kusoma.

Watoto tisini na mwalimu mmoja

Najua mwalimu anayesoma ukurasa huu anawaza nini. Ana watoto tisini, pengine mia moja na ishirini, anafundisha masomo karibu yote, na shule haina mashine ya kunakili. Aandike barua tisini saa ngapi?

Waandike watoto. Ijumaa, kipindi cha mwisho, mwalimu anauliza: "Tuwaambie nini nyumbani?" Mikono inanyooka. Mmoja anasema tumepanda mchicha, mwingine anasema tumetoa hesabu ngumu, wa tatu anasema twiga wa kitabuni ana shingo ndefu. Mwalimu anachagua pamoja nao, anaziandika sentensi ubaoni, darasa linazisoma kwa sauti, kisha kila mtoto ananakili daftarini. Mwalimu anapita kati ya madawati. Hapa anaona "tumejifuza", pale anaona maneno matatu yameunganishwa kuwa moja. Kipindi hicho ni cha kusoma na kuandika kamili, katika KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) ile ile inayopimwa, isipokuwa safari hii maandishi ya mtoto yana msomaji anayemjua.

Jioni mtoto anasoma alichoandika mbele ya mkubwa wa nyumbani. Kama anaishi na bibi asiyejua kusoma, ndiyo vizuri zaidi, maana itabidi asome kwa sauti mpaka mwisho, bibi akisikiliza. Kama nyumbani wanazungumza Kisukuma, Kigogo au Kimasai, mtoto atasoma kwa Kiswahili na kueleza kwa lugha ya nyumbani, na hapo ndipo utajua kama alielewa alichonakili. Mkubwa huyo anaweka saini au alama yoyote chini ya maandishi.

Kwa darasa la kwanza, miezi ya mwanzo, wakati watoto bado wanapambana na silabi, sentensi moja ya kukariri inatosha: "Wiki hii tumejifunza ma, me, mi, mo, mu. Niulize maneno." Watoto waiseme pamoja mara kadhaa kabla ya kengele, na itafika nyumbani.

Jumatatu asubuhi mwalimu anapitisha macho kwenye madaftari. Penye alama, habari imefika. Pasipo na alama wiki ya kwanza, huenda ni usahaulifu. Pasipo na alama wiki tatu mfululizo, pana jambo la kuulizia: labda mama amesafiri, labda mtoto analala kwa ndugu, labda hakuna anayekaa naye. Asichapwe wala asisimamishwe mbele ya wenzake kwa alama iliyokosekana. Mkono uliotakiwa kuiweka ni wa mtu mzima, na adhabu itamfundisha mtoto kughushi.

Simu nayo

Shule zilipofungwa nchini Tanzania tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona, wanafunzi wa shule za msingi walikaa nyumbani hadi 29 Juni. Wakati huo huo nchini Botswana, Noam Angrist na wenzake walikuwa wanajaribu kufundisha kwa simu za kawaida. Katika familia zipatazo 4,500 zenye watoto wa shule ya msingi, baadhi zilitumiwa maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi kila wiki. Nyingine zilitumiwa ujumbe huo huo na pia kupigiwa simu ya dakika 15 hadi 20, mzazi na mtoto wakiwa pamoja. Waliopigiwa simu walionyesha maendeleo ya wazi katika hesabu. Ujumbe peke yake haukuleta tofauti ya kueleweka.

Kwa hiyo mwalimu asijidanganye kwamba kundi la WhatsApp limemaliza kazi. Kundi ni zuri kwa tangazo la haraka, lakini linamwacha nje mwenye kitochi, yule ambaye bando lake limekwisha, na asiyependa kusoma ujumbe mia mbili ili aupate mmoja wa mwalimu. Sauti ya mwalimu hufika pale kundi lisipofika.

Hesabu yake inawezekana. Simu tano kwa wiki, dakika chache kila moja, na darasa la watoto tisini linakwisha kwa wiki kumi na nane, yaani ndani ya muhula mmoja. Vocha isitoke mfukoni mwa mwalimu. Mwalimu mkuu na kamati ya shule waipangie fungu. Na simu ya kwanza kwa kila nyumba iwe ya jambo jema.

"Shikamoo bibi. Mimi ni mwalimu wa mjukuu wako, darasa la pili."

"Marahaba mwanangu. Kuna usalama huko?"

"Upo, bibi. Nimepiga kukuambia kwamba jana amesoma ukurasa mzima bila kusaidiwa. Usiku akikusomea, msikilize."

Bibi huyo akipigiwa tena kwa sababu mjukuu ametoroka shule, atapokea.

Kundi la simu nalo liwe na mipaka inayojulikana tangu siku ya kwanza. Jina la mtoto aliyefeli, aliyeiba au aliyejikojolea lisitajwe humo hata mara moja. Mzazi wake aambiwe peke yake. Orodha ya wanaodaiwa isibandikwe. Picha za watoto zisisambazwe bila ridhaa ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Kenya ilitunga yake mwaka 2019. Lakini hata pasipo sheria, mtoto ana heshima yake, na aliyeaibishwa mbele ya wazazi tisini ataibeba aibu hiyo Jumatatu darasani.

Habari isigeuke mzigo

Kenya inatupa funzo hapa. Mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umempa mzazi nafasi kubwa katika masomo ya mtoto, na nia yake ni njema. Lakini wazazi wengi walilalamika kwamba kushirikishwa kulifika nyumbani kwa sura ya orodha: tafuta maboksi, nunua manila, chapisha picha hizi, vyote kwa kesho asubuhi. Mama aliyetoka kazini saa mbili usiku aliishia kuifanya kazi mwenyewe, mtoto akiwa amelala.

Tujifunze hapo. Habari ya wiki inayodai kununua kitu inawagawa wazazi kati ya wanaoweza na wasioweza. Inayodai saa nzima kila jioni inawaadhibu wanaochelewa kurudi. Jambo la kufanya nyumbani lisizidi dakika kumi na tano, na litumie kilichopo: vijiti, maharage, chenji ya dukani, kalenda ukutani, maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi.

Mzazi naye aseme

Habari ikienda upande mmoja tu itachakaa. Mzazi ana mambo ambayo mwalimu hawezi kuyaona: baba na mama wametengana, nyumbani pana msiba, mtoto hajala tangu jana mchana, mtoto anasogeza kitabu karibu na pua akisoma. La mwisho hilo, likimfikia mwalimu, linampeleka mtoto dawati la mbele siku hiyo hiyo na kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Lisipomfikia, mtoto ataitwa mzembe mwaka mzima kwa sababu ya macho.

Kwa hiyo chini ya habari ya Ijumaa iachwe mistari miwili ya mzazi kuandika, na mwalimu aseme saa anazopatikana. Shule zenye Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, UWW, zina wawakilishi wa wazazi kutoka madarasani. Hao ndio wa kubeba maneno ya wale wasioandika na wasiofika. Tusisahau kwamba wazazi wengi waliondoka shuleni utotoni wakiiogopa ofisi ya walimu, na woga huo wanao mpaka leo. Mwalimu ndiye atangulie kunyoosha mkono.

La kufanya wiki hii

Mwalimu wa darasa, Ijumaa hii tenga dakika ishirini za kipindi cha mwisho, uliza watoto tuwaambie nini nyumbani, na uandike sentensi nne ubaoni. Mwalimu mkuu, kipindi hicho kiweke kwenye ratiba, kisiwe hiari ya mwalimu mwenye moyo peke yake, na vocha ya simu tano iingie kwenye mpango wa shule. Mzazi, mwanao akirudi Ijumaa jioni, usimuulize kama amesoma, maana atajibu ndiyo. Mwombe daftari, mwambie akusomee, mwombe akuonyeshe, kisha weka alama yako chini. Akikwama, usimpige. Jumatatu mwambie mwalimu amekwama wapi, kungali mapema.